Saruji, bodi, silanti au mikoba: matundu ya nyaya na mabomba kwenye jengo la biashara tuyazibe na nini?

Kwenye chumba cha mita cha jengo moja la maduka na ofisi hapa Dar es Salaam, nilimulika tochi kuelekea juu na mwanga ukagonga dari ya ghorofa ya nne. Mwenye jengo alikuwa ameshajitahidi: mitungi ya kuzimia moto kila korido, king'ora kipya, milango mizito ya kuingilia ngazi. Lakini ndani ya chumba kile kila slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ilikuwa na tundu la ukubwa wa sinia ya pilau. Humo zilipanda nyaya za LUKU za wapangaji, bomba la maji taka, mabomba mawili ya AC na nyaya za intaneti ambazo hakuna aliyejua ni za nani. Tundu la ghorofa ya pili lilikuwa limezibwa upande mmoja tu kwa mfuko mtupu wa saruji uliokunjwa.

"Injinia, hapa sasa tunaziba na nini?" mzee mwenye jengo akaniuliza.

Alishawauliza watu watatu kabla yangu. Fundi mwashi alimwambia saruji. Muuzaji wa vifaa alimwambia bodi. Wa tatu alikuja na kopo la povu la njano na kusema kazi ni ya nusu saa.

Kuta na sakafu za zege zinaligawa jengo vyumba vyumba ili moto ukianza pahala ubaki hapo kwa saa moja au mbili, watu watoke na Zimamoto wafike. Tundu moja lililoachwa wazi linavunja mgawanyo huo, na kinachotangulia kupita si miali, ni moshi. Tarehe 21 Novemba 1980 moto ulianzia chini kwenye hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Watu 85 walikufa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu ambako miali haikufika kabisa. Moshi uliwafuata kwa ngazi, kwa shafti za lifti na kwa nafasi zilizoachwa wazi ndani ya jengo.

Nitalinganisha njia nne zinazotumika sana: saruji maalum ya kuzuia moto, bodi za pamba ya mawe, silanti (dawa laini ya kujazia mianya, inayokuja kwenye katriji), na mikoba (mifuko yenye dawa inayovimba ikipata moto). Kila moja ina mahali pake. Kwanza tukubaliane tunazipima kwa nini.

## Vigezo

Cha kwanza ni tundu lenyewe: ukubwa wake, na kama liko ukutani au sakafuni. La sakafuni lina shida ya ziada kwa sababu kuna siku mtu atalikanyaga.

Cha pili ni kinachopita. Waya, bomba la chuma, bomba la plastiki na bomba la AC lililovikwa sponji nyeusi havifanani hata kidogo mbele ya moto. Chuma kinabaki. Plastiki inayeyuka na kuacha tundu jipya katikati ya kizibo chako.

Cha tatu ni dakika. Kizibo kinatakiwa kihimili muda uleule wa ukuta au sakafu ambamo kimo. Si muda mwepesi: tanuri la majaribio linafika nyuzi 842 za Selsiasi dakika ya 30, nyuzi 945 dakika ya 60, na 1,049 saa mbili zikitimia. Kwenye vyeti vya Ulaya utaona herufi E na I. E ina maana miali na gesi moto havikupita. I ina maana upande wa pili haukupata joto la kuunguza vitu, yaani hakuna sehemu iliyopanda zaidi ya nyuzi 180 juu ya joto ililoanza nalo. Vyeti vya Marekani vinatumia F na T kwa mambo yanayokaribiana na hayo. Kizibo kinaweza kufaulu E kwa saa mbili na kushindwa I baada ya nusu saa, kwa sababu waya mnene wa shaba unasafirisha joto kupita katikati yake kama mpini wa sufuria.

Cha nne ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, nacho hakimo kwenye vyeti: tundu hilo litafunguliwa tena mara ngapi, na nani? Jengo la biashara halitulii. Mpangaji anahama, duka linagawanywa mawili, kampuni ya intaneti inaleta waya mpya, mtu anaongeza AC. Matundu mengi niliyoyakuta wazi yalizibwa vizuri siku ya kwanza, yakatobolewa baadaye na mtu aliyekuja na drili, akapitisha waya wake na kuondoka.

Cha tano ni mtikisiko na unyevu. Cha sita ni mkono wa fundi uliye naye, pamoja na mfuko wako.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu vyeti, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Katriji ya silanti ikiandikwa "dakika 240" haimaanishi kila unachokiziba nayo kitasimama dakika 240. Kinachofanyiwa jaribio ni mchanganyiko mzima: ukuta wa aina fulani na unene fulani, mwanya wa upana fulani, silanti ya kina fulani, bomba au waya wa ukubwa fulani. Namba iliyo kwenye kopo kwa kawaida ndiyo bora kuliko zote zilizopatikana, labda kwenye mwanya mwembamba ndani ya ukuta mnene wa zege. Kwenye ukuta wa jipsamu, tena kwa bomba la plastiki, silanti hiyohiyo huenda ikatoa dakika 60, au isiwe na jaribio lolote. Kwa hiyo muuzaji usimuulize "inahimili dakika ngapi?" Mwambie: "Nina ukuta wa bloku wa milimita 150 na trei ya nyaya inapita. Nionyeshe mchoro uliofanyiwa jaribio unaofanana na huu." Mwenye bidhaa ya kweli atafungua kabrasha lake. Asiye nayo atabadilisha mazungumzo.

## Saruji maalum ya kuzuia moto

Huu ni unga wa saruji au jasi uliochanganywa na madini mepesi. Unakorogwa na maji na kumiminwa au kusukumwa kwa mwiko. Si saruji ya mfukoni uliyojengea msingi. Ile ya kawaida husinyaa ikikauka, ikaachia nyufa kuzunguka nyaya. Tusiionee lakini: kwa bomba la chuma lisilo kubwa sana linalopita kwenye zege, kanuni za Marekani zinaikubali iwapo imejazwa unene wote wa ukuta. Kwa fungu la nyaya au bomba la plastiki, hapana.

Tundu linaloifaa. Makubwa, hasa ya sakafuni. Ukiwa na tundu la mita moja kwa nusu mita kwenye slabu, hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa sakafu ngumu namna hii. Ikimiminwa kwa unene na nondo zilizoonyeshwa kwenye jaribio, inabeba mtu.

Kufungua na kufunga tena. Hapa ndipo inapolegea. Kuongeza waya mmoja kunahitaji drili, na drili katikati ya nyaya zenye umeme ni jambo la kuogopa. Dawa yake ni kuweka slivu, yaani vipande vya bomba la chuma vilivyo tupu, kabla ya kumimina. Slivu hizo zinazibwa midomo kwa kitu laini hadi siku zitakapohitajika. Saruji isiyo na slivu ni kizibo cha jengo ambalo halitabadilika, na jengo kama hilo kwenye mtaa wa biashara sijawahi kuliona.

Mtikisiko na unyevu. Ni ngumu, haifuati mwendo wa kitu. Bomba linalotanuka kwa joto au kutetemeka kwa sababu ya pampu litaipasua. Unyevu wa mwambao hauisumbui sana ikiwa ya saruji. Ile ya jasi iweke mbali na mahali panapovuja.

Mkono na mfuko. Fundi mwashi yeyote mwenye nidhamu anaijua kazi hii ndani ya siku moja: anapiga fomu (kizuizi cha kumiminia) chini, anapima maji, anashindilia katikati ya nyaya. Kosa la kawaida ni kuikoroga nyepesi kama uji ili iteremke yenyewe. Kwa ujazo mkubwa ndiyo nafuu kuliko zote nne.

Anayefaa kuichukua. Anayejenga sasa hivi na anajua njia za nyaya, au mwenye matundu makubwa ya sakafuni ambako watu watapita.

## Bodi za pamba ya mawe

Ni vipande vigumu vya pamba ya mawe, mara nyingi unene wa milimita 50, vilivyopakwa rangi maalum nje. Unakata kwa kisu, unabana ndani ya tundu, unafunga kingo na viungo vyote kwa silanti ya mfumo huohuo. Miradi mikubwa ya Uingereza na ya Ghuba inazitumia kwa wingi, na mafundi wetu wengi waliofanya kazi Dubai na Doha wamerudi wanazijua.

Usichanganye pamba ya mawe na pamba ya kioo, ile ya njano inayowekwa juu ya dari na kuwasha ngozi. Kwa macho zinaweza kufanana. Pamba ya mawe inahimili zaidi ya nyuzi 1,000. Ya kioo inalegea na kuyeyuka kabla tanuri halijamaliza nusu saa.

Tundu linaloifaa. La kati hadi kubwa, ukutani, lenye vitu mchanganyiko: trei ya nyaya, bomba la chuma, dakti (mfereji wa hewa). Sakafuni inafaa pia, ila si ya kukanyagwa. Inaonekana imara kwa sababu imepakwa rangi nyeupe na iko sawa na sakafu, kumbe chini yake hakuna kitu. Ukiiweka kwenye slabu, funika kwa wavu wa chuma unaobeba mtu. Bango la onyo peke yake halitoshi, kwani chumba cha umeme kina giza na fundi amebeba ngazi begani.

Kufungua na kufunga tena. Wastani. Waya mpya unapita kwa kutoboa tundu dogo kwa kisu na kuliziba kwa silanti, kazi ya dakika kumi. Ubaya wake ni huohuo wepesi: kwa kuwa bodi inatobolewa kwa bisibisi tu, kila mtu anaitoboa, na asiyejua haoni sababu ya kurudishia.

Mtikisiko na unyevu. Inavumilia mtikisiko mdogo. Maji yanayodondoka kila siku yataiharibu, rangi itabanduka na pamba italegea. Kwenye vyumba vya pampu nimeona bodi zilizoning'inia kama godoro bovu.

Mkono na mfuko. Inahitaji fundi mwenye subira. Bodi yenyewe ni rahisi, kazi iko kwenye kingo. Kati ya trei na bodi, chini ya trei, katikati ya fungu la nyaya, huko ndiko moshi unakopita na ndiko mkono usikotaka kufika. Kuna mtindo wa kupaka silanti juu tu ili picha itoke nzuri. Ukikagua, ingiza kisu kwenye kona moja uone kina. Bei ni ya kati, na kwa kuwa nyepesi haiongezi mzigo kwenye ukuta wa jipsamu.

Anayefaa kuichukua. Mwenye ofisi za kukodisha zenye kuta za jipsamu na trei juu ya dari, ambako mabadiliko yanakuja lakini kuna msimamizi anayeyafuatilia.

## Silanti

Kwenye rafu inafanana na silikoni ya bafuni, ila ndani imetengenezewa moto. Ziko za akriliki na za silikoni. Baadhi zina grafiti inayovimba zikipata joto, zikabana nafasi inayoachwa na plastiki au sponji inayoungua. Nyingine hazivimbi, zinabaki tu mahali pake.

Tundu linaloifaa. Dogo: mwanya kuzunguka bomba moja, waya mmoja mmoja, kiungo kati ya ukuta na slabu. Pita hapo na utafilisika. Katriji moja ya mililita 310, kwenye mwanya wa upana wa milimita 20 na kina cha milimita 20, inaishia sentimita 77. Tundu la sinia ya pilau halizibwi kwa katriji, na hata ukilijaza halitakuwa limefanyiwa jaribio namna hiyo.

Kufungua na kufunga tena. Rahisi. Unakata, unapitisha, unajaza. Wiki ijayo unarudia.

Mtikisiko na unyevu. Hapa silikoni haina mpinzani. Inanyooka na kurudi, inavumilia maji, inafaa kuzunguka bomba linalotanuka na kwenye viungo vya jengo vinavyocheza. Akriliki inapakika rangi ya ukuta, jambo ambalo silikoni inalikataa, lakini mwendo wake ni mdogo na mvua ikiikuta kabla haijakauka inaioshea mbali. Kwa jengo lililo wazi upande wa bahari, Mombasa au Tanga, mimi nachukua silikoni.

Mkono na mfuko. Bunduki ya silikoni kila fundi anayo, na hilo linafanya kazi ionekane rahisi kuliko ilivyo. Mwanya unasafishwa vumbi kwanza, unawekewa pamba ya mawe nyuma kama jaribio linavyotaka, ndipo silanti inaingia kwa kina kilichoandikwa. Ukipaka juu ya vumbi, miezi sita baadaye unaibandua kwa kidole kama ganda la ndizi.

Anayefaa kuichukua. Kila jengo litaihitaji mahali fulani, kwa kuwa hata bodi haikamiliki bila silanti. Peke yake inamfaa mwenye matundu madogo yaliyopangwa vizuri.

## Mikoba

Ni mifuko ya kitambaa kisichoungua iliyojazwa nyuzi na dawa inayovimba ikipata moto. Unaipanga kama matofali ndani ya tundu hadi ibanane. Ndugu zake ni matofali laini ya povu lililotengenezewa kazi hii, yanayokatwa kwa kisu.

Tundu linaloifaa. La kati, lenye trei za nyaya zinazobadilika kila wakati: chumba cha seva, kituo cha simu, studio. Sakafuni inahitaji wavu wa chuma chini ili isidondoke.

Kufungua na kufunga tena. Bora kuliko zote. Unachomoa mikoba miwili, unapitisha waya, unairudisha. Hakuna vumbi karibu na seva, hakuna kusubiri kukauka.

Lakini kinachochomolewa kwa mkono kinasahaulika kwa mkono. Nimekuta mikoba juu ya trei, mikoba imewekwa chini ya miguu ya meza, na mmoja uliogeuzwa mto wa mlinzi wa zamu ya usiku. Tundu lililotakiwa kuwa na kumi na mbili likawa na tisa, na zilizobaki hazikubanana tena. Moshi wa mwanzo wa moto bado si wa joto la kuvimbisha dawa, hivyo unapita kwenye nafasi hizo bila kizuizi.

Mtikisiko na unyevu. Mtikisiko hauisumbui. Unyevu, angalia maelezo ya mtengenezaji, kwani si zote zinavumilia kulowa.

Mkono na mfuko. Mkono mdogo, mfuko mkubwa. Kwa tundu moja ndiyo ghali, lakini inatumika tena, na kwa anayefungua kila mwezi hesabu inageuka.

Anayefaa kuichukua. Mwenye chumba kilichofungwa, chenye funguo kwa mtu mmoja anayejibu. Pia mkandarasi ambaye jengo bado linaendelea: anaziba kwa muda kila jioni kabla mafundi wa kulehemu hawajaleta balaa.

## Bomba la plastiki na sponji ya AC

Chochote utakachochagua kati ya hivyo vinne, bomba kubwa la plastiki lina mahitaji yake juu ya hapo. PVC inalegea moto ukiwa bado mdogo, na tundu la bomba la maji taka la milimita 110 linabaki wazi kabisa hata kama saruji kuzunguka ni safi. Linavishwa kola: pete ya chuma yenye dawa ndani, inayovimba na kulinyonga bomba linapolegea. Sakafuni kola inakaa upande wa chini. Ukutani zinakaa mbili, kila upande moja, maana hujui moto utatokea chumba kipi. Ifungwe kwa bolti za chuma. Nimeona kola nzuri zimefungwa kwa plagi za plastiki, zinazoyeyuka na kuidondosha kola sakafuni muda uleule inapotakiwa kufanya kazi.

Sponji ya AC ndiyo inayosahaulika zaidi. Bomba la shaba ndani yake halina tatizo, ila sponji ikiungua inaacha mwanya kulizunguka lote. Tumia mkanda unaovimba au silanti ya grafiti, kadiri jaribio la bidhaa yako linavyoonyesha.

## Na lile kopo la povu?

Tarehe 22 Machi 1975, katika kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, Alabama, mafundi walikuwa wanaziba matundu ya nyaya kwa povu la poliurethani. Mmoja akapima kwa mshumaa kama hewa bado inavuja. Hewa ikauvuta mwali, povu likashika, na moto ukaendelea kwa takriban saa saba. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika, zikiwamo za kuendeshea mifumo ya usalama. Kanuni za moto za vituo vya nyuklia vya Marekani ziliandikwa upya baada ya siku ile.

Yapo mapovu yaliyofanyiwa majaribio ya moto, na kwa viungo vyembamba yana kazi yake. Rangi ya waridi au nyekundu si ushahidi, mchoro wa jaribio ndio ushahidi. La njano la madukani ni la kushikia fremu za madirisha.

## Hali yako ni ipi?

Kama unajenga sasa na slabu bado zina matundu makubwa, nenda na saruji maalum pamoja na slivu tupu nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Mpangaji wa kwanza atazimaliza nusu.

Kama jengo ni la ofisi, kuta za jipsamu, nyaya juu ya dari, bodi na silanti ndizo zitakupa urahisi wa kurekebisha. Weka kwenye mkataba wa kila mpangaji na kila kampuni ya intaneti kwamba anayetoboa anaziba, na haingii chumba cha nyaya bila msimamizi wako.

Kama ni jengo la maduka mtindo wa Kariakoo, ambako kila mwenye fremu ana fundi wake na hakuna anayemuuliza mwenzake, kitu laini hakitadumu. Hapo nachagua ugumu wa saruji hata kama unaudhi, na slivu mbili tatu zenye midomo inayoonekana, ili anayetaka kupitisha waya aone njia bila kushika drili.

Chumba cha seva au hospitali yenye vifaa vinavyobadilika: mikoba au matofali laini, pamoja na kibandiko ukutani kinachosema tundu hili lina mikoba mingapi. Mtu anahesabu kila mwezi.

Chumba cha pampu au parkingi ya chini yenye unyevu: silikoni kwa mianya midogo, saruji kwa mikubwa. Bodi hapana.

Na kama jengo ni la zamani, pesa ni kidogo na matundu ni mengi? Usianze na yaliyo rahisi kufikia. Anza na yanayopanda ghorofa hadi ghorofa, kisha kuta za ngazi, kisha chumba cha umeme. Ya kati ya ofisi na ofisi za ghorofa moja yasubiri. Kila unaloliziba lipige picha kabla na baada, lipe namba, andika bidhaa na tarehe. Mkaguzi wa Zimamoto akija utamwonyesha kitabu badala ya maneno.

Mzee wa lile jengo la tochi alichukua saruji kwa slabu zote nne, slivu sita kila moja, kola kwenye bomba la maji taka na mkanda kwenye yale ya AC. Nilipopita tena baada ya miezi minane, slivu tatu zilikuwa zimejaa nyaya za intaneti. Mbili zilikuwa zimezibwa midomo. Ya tatu ilikuwa wazi, na mlinzi wa jengo alikuwa amesimama pale na katriji mkononi, akimsubiri fundi wa intaneti amalize kujaribu waya wake ndipo aondoke.